Maswali ya Wasomaji: Kisu cha Mzamiaji na Kazi Yake

Katika toleo lililopita safu hii iligusia kwa ufupi nyavu na mishipi ya kuvulia samaki inayopotea baharini, na tangu hapo barua nyingi zaidi zinazofika ni za wazamiaji wanaouliza kuhusu visu na vifaa vingine vya kukatia. Nimechagua sita ambazo majibu yake yanaweza kumfaa yeyote anayeshuka majini akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, nami nimezifupisha bila kubadilisha maana.

Swali: Ndugu Mshauri, nimemaliza mafunzo ya awali na sasa nataka kununua kisu. Dukani nimeonyeshwa kisu cha urefu wa sentimita 30 kinachofungwa mguuni, na muuzaji ameniambia kuwa kisu kikubwa kitanikinga na papa. Kaka yangu, ambaye amezamia kwa miaka mingi, ananiambia ninunue mkasi tu. Nimsikilize nani?

Jibu: Msikilize kaka yako. Kisu cha mzamiaji si silaha, na anayekiuza kama silaha anakuuzia hofu. Mkono unaochoma chini ya maji hupunguzwa nguvu na maji yenyewe, na papa aliyejeruhiwa karibu nawe ni hatari zaidi kuliko papa aliyeachwa apite zake. Kinachoweza kumzuia mzamiaji asirudi juu ni kitu kinachoonekana kinyonge kabisa, nacho ni uzi.

Zamani nyavu na mishipi vilisokotwa kwa pamba, kitani au katani, na vikipotea majini vilioza. Nailoni, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani na kundi lililoongozwa na Wallace Carothers, haiozi namna hiyo. Wavu wa nailoni uliokatika leo utaning'inia kwenye mwamba au kwenye mabaki ya meli kwa miaka mingi, ukinasa kila kinachopita. Tena uzi wake, ukiwa mwembamba na mwangavu, ni mgumu kuonekana majini, kwa hiyo mara nyingi mzamiaji hauoni mpaka umeshamshika.

Chagua kifaa kwa kufikiria uzi huo, na si kwa kutazama ukubwa wa bapa. Mkasi wa huduma ya kwanza, ule wenye ncha butu ambao waokoaji hutumia kukatia nguo za majeruhi, hukata mshipi, wavu na kamba nyembamba kwa mkono mmoja, na hauwezi kukuchoma wewe wala kutoboa fulana yako ya kuelea, ile inayojazwa hewa na kushika mtungi mgongoni. Kikata mshipi, ambacho ni kama ndoana ya plastiki au chuma yenye wembe uliofichwa ndani, ni chepesi kuliko vyote: unauingiza uzi kwenye mdomo wake, unavuta, umekwisha kukatika. Udhaifu wake ni kwamba mdomo ule haupokei kamba nene. Hapo ndipo kisu kinapopata nafasi yake, kwa sharti kiwe na sehemu ya makali yenye meno kama ya msumeno, kwa sababu kamba nene hukatwa kwa kukerezwa, si kwa kubanwa. Bapa la sentimita 8 au 10 linatosha. Kama unazamia mahali ambapo wavuvi hufunga ndoana kwa kiwaya cha chuma ili samaki wenye meno makali wasikate mshipi, kisu hakitakusaidia. Utahitaji mkasi imara au koleo dogo la kukatia waya.

Kile kisu kikubwa cha mguuni kina asili yake. Wazamiaji wa kale wa kofia za shaba walikuwa mafundi waliotumwa chini kukata kamba nene na kubandua vitu kwenye meli, na kisu kizito kilikuwa sehemu ya zana zao za kazi. Baada ya Jacques Cousteau na Émile Gagnan kutengeneza kidhibiti cha hewa, kile kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi anapovuta pumzi, mwaka 1943, watu wengi walianza kuzamia kwa kujifurahisha, wakaurithi umbo la kisu kile bila kuirithi kazi yake. Kwako wewe, mkasi mmoja na kikata mshipi kimoja vitafaa zaidi.

Swali: Nimezoea kufunga kisu changu upande wa nje wa mguu wa kulia, chini ya goti. Mkufunzi mpya amenikataza, lakini hakunieleza sababu. Je, ni mapendeleo yake tu?

Jibu: Hapana, sababu ipo, na ilistahili kuelezwa. Mpini na ala inayojitokeza upande wa nje wa mguu ni kulabu nzuri sana ya kunasa uzi, na mguu ndio kiungo kinachotembea zaidi unapopiga mapezi, yaani viatu vipana vya kuogelea. Kwa hiyo kifaa kilichokusudiwa kukuondoa kwenye wavu kinakuwa cha kwanza kukuingiza humo. Jambo la pili ni zito zaidi. Miguu ikishafungwa, mzamiaji aliyevaa vazi nene na kubeba mtungi mgongoni hupata shida kubwa kujikunja mpaka afikie chini ya goti, na kila anavyojikunja huvuta uzi zaidi. Ukilazimika kabisa kukiweka mguuni, kiweke upande wa ndani.

Mahali panapofaa ni mbele ya mwili, kati ya mabega na nyonga, katika eneo ambalo mkono wa kulia na wa kushoto yote miwili inafika. Nasisitiza yote miwili, maana hakuna anayejua mapema ni mkono gani utakaoshikwa. Wengi hufunga kifaa kimoja kwenye mkanda wa bega wa fulana ya kuelea na kingine kwenye mkanda wa kiunoni, upande wa pili, ili kimoja kikianguka au kikizuiwa, kingine kibaki. Usikifunge kwenye mkanda wa vizito, ule wenye uzito unaomsaidia mzamiaji kushuka, kwa kuwa siku utakapolazimika kuuachia mkanda huo, kisu kitazama pamoja nao. Wala usikifiche ndani ya mfuko wenye zipu chini ya taa, kamera na boya la ishara.

Kuhusu kamba fupi ya kufungia kisu kwenye mkono, wazamiaji hawakubaliani. Wanaoipenda husema inazuia kisu kisianguke, nao wana haki, hasa mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi. Mimi siipendi kwa kisu chenye makali wazi, kwa sababu kikiponyoka kitaning'inia kikielea karibu na mipira ya hewa, yaani mabomba yanayotoa hewa kwenye mtungi, wakati hukioni. Naona ni afadhali kubeba kifaa cha pili.

Jaribio moja litakuonyesha kama umeweka mahali sahihi. Vaa vifaa vyote nchi kavu, pamoja na glavu kama unazitumia, fumba macho, kisha toa kila kifaa na ukirudishe kwenye ala kwa mkono wa kulia, halafu kwa wa kushoto. Kikikushinda hapo, kitakushinda gizani kwenye tope. Na wakati wa ukaguzi wa pamoja kabla ya kuzama, mwonyeshe mwenzako kilipo kila kimoja, kwani huenda yeye ndiye atakayekitumia.

Swali: Hivi karibuni nilihisi kitu kinanivuta mgongoni nikiwa kwenye kina cha mita 18. Niligeuka kukitafuta, nikageuka tena, na kila nilipogeuka nilizidi kubanwa. Mwenzangu alifika akakata mshipi mara tatu nikawa huru. Nilikuwa na kisu lakini sikukumbuka hata kukigusa. Nilikosea wapi?

Jibu: Pole sana, na ninafurahi kwamba barua hii umeiandika wewe mwenyewe. Kosa lilikuwa lile la kugeuka. Kila mzunguko ni duara moja zaidi la mshipi kuzunguka mwili na mtungi. Kutokukigusa kisu hakukuwa kosa, kwa maana mshipi ulio nyuma ya shingo ni kazi ya macho na mikono ya mwenzako. Mimi mwenyewe niliwahi kushikwa na mshipi kwenye vali ya mtungi kando ya mabaki ya meli. Nilikaa kimya, mwenzangu akaukata, na kisu changu hakikutoka kwenye ala.

Unapohisi umeshikwa, acha kupiga mapezi. Pumua kwa kina mara mbili au tatu, tazama kipimo cha hewa, halafu rudi nyuma taratibu kidogo kwa njia uliyojia, kwa sababu uzi uliolegea mara nyingi hujiachia wenyewe. Usipojiachia, mwite mwenzako kwa taa au kwa kugonga mtungi, naye akaribie kwa pembeni bila kupita palipo na uzi, la sivyo watakuwa wawili walionaswa. Mahali pa kutazama kwanza ni vali ya mtungi, vifungo vya mapezi, na vipimo vinavyoning'inia.

Hebu nikupe hesabu itakayokutuliza zaidi ya maneno yangu. Kwenye kina cha mita 20 shinikizo ni bari 3 (bari ni kipimo cha shinikizo), mara tatu ya lile la juu ya maji, kwa hiyo mtu anayetumia lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu atatumia lita 60 kwa dakika akiwa hapo. Mtungi wa lita 12 uliobaki na bari 100 una lita 1,200, yaani dakika 20 kwa anayepumua kwa utulivu. Anayehangaika na kupumua mara mbili zaidi anabaki na dakika 10, na sehemu ya dakika hizo anaihitaji kwa kupanda. Kukata mshipi kwa mtu aliyetulia huchukua muda mfupi sana kuliko huo.

Katika kukata kwenyewe, shika uzi kwa mkono mmoja na uukaze, kwa sababu uzi uliolegea hukimbia makali na uliokazwa hukatika upesi. Elekeza makali mbali na mwili. Kata karibu na mahali uliponasia, kisha ukusanye kipande kilichobaki, maana mkia mrefu unaoachwa ukielea hushika tena baada ya mapigo machache ya mapezi. Na kabla ya kukata chochote usichokiona vizuri, kifuate kwa vidole pande zote mbili. Kwenye maji machafu mpira wa hewa na kamba hufanana sana mkononi. Wengi huuogopa zaidi mpira unaokwenda kwenye kipimo kwa kuwa una shinikizo kubwa, lakini hewa yake hupita kwenye tundu dogo mno na hutoka polepole. Ule unaokwenda mdomoni una shinikizo la bari 9 au 10 tu zaidi ya maji yanayouzunguka, lakini tundu lake ni pana, na ukikatwa humaliza mtungi kwa kasi kubwa zaidi.

Kuna kamba moja ambayo haikatwi ovyo: kamba ya kuongozea njia ndani ya pango au ndani ya meli iliyozama. Hiyo ni njia ya kurudi ya kila aliye ndani. Anayenaswa nayo hujitahidi kujinasua kwa mikono, na kuikata ni hatua ya mwisho kabisa, naye akilazimika kuikata huishikilia ncha inayoelekea kwenye mlango.

Ukiwa umenaswa mgongoni na mwenzako hayupo, njia iliyobaki ni kuivua fulana ya kuelea pamoja na mtungi na kuileta mbele yako, kidhibiti cha hewa kikiwa mdomoni muda wote. Zoezi hili hufundishwa katika kozi ya awali, na wengi hulisahau siku ileile wanapopata cheti. Lirudie ukiwa na mkufunzi. Angalia hasa vizito vyako viko wapi: vikiwa ndani ya fulana, ukiivua wewe utavutwa juu na yenyewe itavutwa chini, kwa hiyo ikumbatie na usiiachie hata kidogo. Ukishakuwa huru, usikimbilie juu. Panda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, simama dakika tatu kwenye mita 5 kama hewa inaruhusu, na uzamiaji wa siku hiyo uishie hapo.

Swali: Kisu changu kimeandikwa kuwa ni cha chuma kisichoshika kutu, nacho kimejaa madoa ya kahawia baada ya miezi miwili. Nimedanganywa?

Jibu: Huenda hukudanganywa. Chuma hicho huitwa hivyo kwa sababu kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na kromiamu hiyo hutengeneza utando mwembamba unaokikinga. Kloridi ya maji ya bahari huutoboa utando huo na kuacha vishimo vidogo vya kutu. Kaboni, ambayo ndiyo humpa chuma ugumu wa kushika makali, huchukua sehemu ya kromiamu hiyo na kupunguza kinga. Ndiyo maana chuma cha aina ya 420 au 440C hukata vizuri na kushika kutu upesi, ilhali cha aina ya 316, kilichoongezwa molibdenamu, huvumilia bahari lakini ni laini na huwa butu mapema. Titaniamu haishiki kutu kabisa na ni nyepesi, ila bei yake ni kubwa na makali yake hayadumu sana.

Kilichobaki ni matunzo. Baada ya kila siku ya kuzamia, toa kisu kwenye ala, loweka vyote viwili katika maji baridi yasiyo na chumvi, kikaushe kikiwa nje ya ala, na ukipake silikoni kidogo. Mkasi ufungue na kuufunga mara kadhaa ndani ya maji hayo, kwani kutu yake huanzia kwenye msumari wa katikati, na mkasi usiofunguka hauna faida yoyote. Wembe wa kikata mshipi ubadilishwe mara unapoanza kuonyesha doa. Kisha weka nyumbani kipande cha mshipi wa kweli na ujaribu makali juu yake mara kwa mara. Karatasi hukatwa hata na kisu kibovu.

Swali: Ninasafiri kwa ndege kwenda kuzamia nchi nyingine. Kisu kitanisumbua?

Jibu: Kiweke kwenye mzigo mkubwa unaokabidhiwa shirika la ndege, ndani ya ala na kimefungwa vizuri ili kisimjeruhi mkaguzi, usikibebe kwenye begi la mkononi. Ukifika, kumbuka kwamba sheria za visu hutofautiana. Nchini Uingereza, kwa mfano, Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988 inakataza kubeba hadharani kitu chenye makali bila sababu ya msingi, isipokuwa kisu kidogo cha kukunja ambacho bapa lake halizidi inchi 3. Kuzamia ni sababu inayoeleweka ukiwa njiani na vifaa vyako, si ukiwa mkahawani jioni na kisu kiunoni. Hifadhi nyingine za bahari, kama ile ya Cozumel nchini Meksiko, haziruhusu wazamiaji kushuka na visu, kwa nia ya kulinda matumbawe. Uliza kabla ya safari, na uulize pia kama mkasi wenye ncha butu unakubaliwa.

Swali: Nilimwona kasa aliyenaswa kwenye kipande cha wavu. Nilikuwa na kisu, lakini niliogopa kumsogelea, na sasa najilaumu. Ningefanya nini?

Jibu: Usijilaumu kwa woga ule, maana ulikuwa wa busara. Kasa hupumua hewa kama sisi, na akizuiwa chini hufa maji, kwa hiyo hamu ya kumsaidia ni ya haki. Hata hivyo ni mnyama mwenye nguvu, naye akipigapiga makasia yake kando ya wavu anaweza kukuingiza humo pamoja naye. Kama wavu ni kipande kidogo, hewa yako inatosha, na mwenzako yupo akitazama, msogelee kwa nyuma na ukate nyuzi moja moja kwa mkasi wa ncha butu, ukianza na zile zinazomfunga kwenye wavu mkubwa au kwenye mwamba. Usitumie kisu chenye ncha karibu na shingo yake. Mshipi uliozama kwenye nyama, au unaotoka mdomoni kuelekea ndoana aliyoimeza, usiuvute hata kidogo. Ukate na uache kipande cha kutosha kushikwa na daktari wa wanyama, kwa kuwa kuuvuta huweza kuchana utumbo. Nyangumi aliyenaswa usimkaribie kabisa. Hiyo ni kazi ya waliofunzwa, na hufanywa kutoka kwenye boti.

Wavu mzima uliokwama nao uuache ulipo. Wavu uliovutika ukikatwa huweza kuruka na kumfunika aliyeukata, na kuuinua kunahitaji kundi lenye mifuko ya kunyanyulia na mpango ulioandaliwa. Andika kina, alama za mahali ulipouona na wanyama waliomo, na umpe taarifa hiyo nahodha wa boti siku hiyohiyo ili aifikishe kwa wasimamizi wa eneo, kwa sababu baada ya dhoruba moja wavu huo unaweza kuwa umehamia kwingine.